Mondo Kafa Msituni

Mondo kafa msituni, mwizi yuko mlangoni.

Maneno haya Bibi Sekela aliyasema bila hata kuinua macho, akiwa ameketi juu ya debe lililofudikizwa, anachambua viazi vya mbegu. Wajukuu wake walikuwa wamemaliza asubuhi nzima wakiwalaani wapita njia kwa ajili ya jembe lililopotea, mpaka jembe lenyewe lilipoonekana uvunguni mwa kitanda cha kaka yao mkubwa. Waliposikia maneno ya bibi walicheka. Maana yake waliikamata mara moja, lakini chanzo chake hawakukijua, wakamuuliza: mondo gani huyo, na alikufaje?

Bibi Sekela akafuta udongo mikononi. Akawaambia kwamba mondo alikuwepo kweli, na mwizi alikuwepo, na kwamba waliolishuhudia jambo hilo hawakuwahi kulicheka. Kisha akawasimulia methali ilikotoka, na ilitoka huku.

Katika milima ya Uporoto palikuwa na kitongoji kilichoitwa Ikombo. Kilikuwa juu kabisa, mahali ambapo ukungu hushuka mchana kweupe, ukamsikia jirani yako anakohoa usimwone. Watu wa huko walilima viazi na pareto, na kila nyumba ilifuga kondoo. Kondoo ndiye aliyekuwa akiba ya nyumba. Mgonjwa akizidiwa, anauzwa kondoo; mtoto akienda shule, anauzwa kondoo; msiba ukiingia, anachinjwa kondoo.

Mwenyekiti wa kitongoji hicho aliitwa Asajile. Hakuwa mtu mbaya. Penye msiba alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na akitoa neno hakulirudisha. Mkewe aliitwa Tumpe, mama wa kijana wao Ipyana, mwanamke wa maneno machache aliyeshinda kwenye shamba lake la viazi jua na mvua. Asajile alikuwa pia na mbwa aliyemwita Jeshi. Alimwokota angali mchanga, mama yake amekufa, akamlea kwa maziwa ya ng'ombe, akimbeba ndani ya koti lake wakati wa baridi. Jeshi alikua mbwa mkubwa wa kifua kipana, mpole kwa watoto, mkali kwa wageni. Watu walitania kwamba mwenyekiti akiulizwa ana watoto wangapi, humhesabu na mbwa.

Basi mwaka mmoja, majira ya ukungu, Mama Numwagile aliwapeleka kondoo wake malishoni nyuma ya nyumba. Huyu alikuwa mjane, mtu mzima kumzidi Asajile, na mali yake yote ilikuwa kondoo hao. Alirudi ndani kuchochea moto. Ukungu ukashuka, ukatanda, kisha ukaanza kuinuka. Alipochungulia nje aliona vitu vyeupe vimetapakaa juu ya majani, akadhani ni nguo zimepeperushwa kutoka kambani. Akatoka kwenda kuziokota.

Hazikuwa nguo. Alikuwa karibu kumgusa wa kwanza ndipo akaona anapumua.

Asajile aliposikia mayowe ya majirani alikimbia. Alikuwa amefuga tangu utoto na alikwisha kuona kazi ya fisi na kazi ya chui, lakini hili hakuwahi kuliona. Kondoo kadhaa walikuwa wameraruliwa mapaja na mbavu, mmoja huku, mwingine kule, na hakuna aliyeliwa. Nyama yote ilikuwepo. Mmoja aliyekuwa karibu kuzaa alikuwa anajaribu kusimama, anaanguka, anajaribu tena. Mama Numwagile hakulia. Alikuwa amekaa kwenye majani yaliyolowa, mikono mapajani, anatazama kama mtu aliyesomewa habari kwa lugha asiyoijua.

Kabla ya adhuhuri kondoo wale walichinjwa, wakachunwa, na nyama ikagawanywa, maana ingeoza. Watu walikuwa wanaulizana kwa sauti za chini ni mnyama gani huyu anayeua bila njaa. Ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba juzi alimwona mondo kando ya mashamba, yule paka wa porini mwenye madoa, miguu mirefu na masikio makubwa. Alipolitaja jina hilo, kila mtu akakumbuka kwamba na yeye alimwona. Jioni ilipoingia kesi ilikuwa imekwisha, na mshtakiwa hakuwepo.

Habari zilipofika wilayani alikuja afisa wanyamapori, dada mmoja aliyeitwa Nyamizi. Jambo la kwanza aliomba kuoneshwa mizoga. Akaambiwa imeliwa. Akauliza majeraha yalikuwa wapi, shingoni au miguuni, na kila mtu akajibu lake, maana siku ile walitazama damu, hawakutazama jeraha. Nyamizi akawaambia kwamba hawezi kuapa juu ya kitu asichokiona, ila mondo anamfahamu kuwa ni mla panya, na kwamba katika milima ile wamebaki wa kuhesabika kwa vidole, kwa sababu nyasi zao zimelimwa. Aliwaambia pia kwamba hakuja kuwataka wawalishe wanyama wa porini kwa kondoo wao. Bweha anayeua wanakondoo alistahili kushikwa, na alikuwa tayari kuwasaidia kumshika.

Alikuwa amekuja na vizimba vya wavu wa chuma, vyenye mlango unaojifunga mnyama akigusa chambo. Akawaonesha namna ya kuvitega. Atakayeingia ataingia hai, akasema, na alfajiri watu watakwenda kutazama. Akiwa bweha, wamuue. Akiwa mondo, wamfungulie aende zake. Waya na sumu hakutaka kuviona Ikombo, kwa kuwa vyenyewe havichagui. Na jambo la mwisho, ukungu ukishuka, mbwa wote wafungwe.

Hapo watu wakacheka, na Asajile akacheka kuwashinda.

"Binti yangu," akamwambia, "ukimfunga askari, nani atalinda?"

Nyamizi hakucheka. "Mzee wangu, nimesema wote. Na wa kwako pia."

Vizimba vilipokelewa, na Asajile akatoa neno kwamba mondo akiingia atafunguliwa. Neno la mbwa liliachwa pale pale mkutanoni.

Nyumbani, Tumpe alimwambia mumewe kwamba yule mondo yeye anamjua. Huja shambani kwake asubuhi, akasimama kimya akisikiliza ardhi kwa masikio yake yale makubwa, kisha akaruka juu na kutua kwa miguu ya mbele, na akiondoka huwa na fuko, yule panya wa chini ya ardhi, mdomoni. Tangu aanze kuja, viazi vilikuwa haviliwi tena mizizini. Asajile akamjibu kwamba anayekula fuko leo kesho atakula kondoo. Tumpe akachukua jembe, akarudi shambani.

Bweha waliingia vizimbani, wakauawa, na kwa muda watu walipumua. Kisha asubuhi moja aliyekutwa kizimbani alikuwa mondo.

Kitongoji kizima kilikusanyika. Hakuna aliyekuwa amemwona mondo kwa karibu namna ile. Alikuwa amejikunyata pembeni, mwembamba kuliko walivyomdhania, anapumua harakaharaka, macho yake yakimfuata kila mtu anayesogea. Wengine walikuwa wameshika fimbo. Asajile alisimama katikati, akawaza neno alilompa yule dada wa wilayani. Alikuwa ametoa neno. Akawaamuru watu warudi nyuma, akainama, akainua mlango wa kizimba kwa mkono wake mwenyewe. Mondo akatoka, akapita karibu kabisa na mguu wake, akazama nyasini.

Watu walitawanyika wakinung'unika. Na haikupita juma, ukungu ukashuka tena, na ulipoinuka baadhi ya kondoo waliosalia wa Mama Numwagile walikuwa wamelala malishoni, wameraruliwa vile vile.

Mama Numwagile alikuja mpaka penye ghala la pareto, ambapo watu walikuwa wamekusanyika, akamtazama Asajile usoni mbele ya wote.

"Mwenyekiti," akasema, "ulimfungulia mlango kwa mkono wako."

Hakuna mtu aliyemtetea Asajile. Neno hilo lilimwingia kama mwiba wa samaki kooni. Alikula nalo, akalala nalo, akaamka nalo. Aliona watu wakinyamaza anapokaribia. Aliona vijana wakimpita bila kumwamkia vizuri. Mwisho akachukua waya uliobaki kwenye ua wa zamani, akaukunja kitanzi, akautega kwenye kijia ambako siku ile mondo alizamia. Hakumwambia mtu. Hakumwambia hata mkewe.

Hazikupita siku nyingi akamkuta. Waya ulikuwa umezama shingoni, na ardhi yote kuzunguka ilikuwa imechimbuliwa kwa kucha, nyasi zimeng'olewa mpaka udongo mweusi unaonekana. Asajile alitazama ule udongo kwa muda. Alitarajia kufurahi. Furaha ilikuja, lakini ilikuja nusu, kama mgeni anayesimama uani asitake kuingia.

Hata hivyo alimtupa mondo begani, waya ungali shingoni, akambeba mpaka penye ghala la pareto, akaagiza watu waitwe. Alitaka wote waone. Alitaka hasa Mama Numwagile aone. Akawaambia kwamba leo atamfungua tumbo mbele yao, na sufu ya kondoo itatoka, na maneno yaishe. Akanoa kisu juu ya jiwe, akapasua.

Likatoka fuko, karibu zima. Likatoka jingine. Yakatoka manyoya ya panya, miguu ya panzi, na kichwa cha chura. Asajile alipekua kwa ncha ya kisu, akapekua tena. Sufu haikuwemo, hata unyuzi mmoja.

Watu walikuwa wamesogea karibu sana kutazama, na sasa walianza kurudi nyuma polepole. Asajile hakutaka kuacha. Alikishusha kisu chini zaidi kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha, na pale alipokata, juu ya damu, yakachuruzika maziwa. Meupe kabisa. Yakateremka juu ya manyoya ya tumbo, yakadondoka kwenye vumbi.

Mwanamke mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Ananyonyesha."

Mama mwingine alimgeuza mwanawe amtazame yeye, asitazame pale. Asajile alibaki amechuchumaa, kisu mkononi. Alipoinua macho alikutana na macho ya Tumpe. Mkewe alijifunga kanga yake kiunoni, akageuka, akaenda kuelekea kwenye nyasi ndefu.

Wanawake wengine walimfuata. Walitafuta mchana kutwa, wakipekua vichaka na kuita kwa sauti ya paka, huku wakijua kwamba mtoto wa mnyama haitiki sauti ya mtu. Mvua ikawakuta huko. Waliporudi hawakuwa na kitu. Asubuhi Tumpe aliondoka tena peke yake, na alipomwandalia mumewe chakula siku hiyo alimwambia, "Nimewapata." Asajile akauliza kama wako hai. Tumpe akasema aliwakuta wawili chini ya kichaka cha nyasi, wamelaliana, na siafu walikuwa wamewahi. Amewazika palepale. Asajile alisukuma sahani, akatoka nje.

Mngedhani jambo lingeishia hapo, lakini mfa maji haishi kutapatapa. Wapo waliosema kwamba tumbo la siku moja si ushahidi, huenda kondoo aliwaua siku nyingine. Asajile aliposikia hivyo alilikumbatia neno hilo kwa mikono miwili. Na kweli, majuma yakapita bila kondoo kuguswa. Ilikuwa majira ya jua, ukungu haukushuka. Watu walianza kumwamkia tena. Wengine walimshukuru waziwazi, na naye akaanza kulala usingizi.

Siku ukungu uliporudi, ilikuwa asubuhi, watu wako mashambani. Asajile alikuwa amekwenda kumtafuta kondoo wake dume aliyepotea kundini. Alitembea akipapasa njia kwa fimbo, haoni zaidi ya hatua chache mbele. Akasikia kishindo cha kwato zinazokimbia, kisha kwato zikakoma, kisha sauti ya kondoo, ile sauti fupi ya mnyama aliyekosa pumzi. Akakaza mwendo kuifuata, fimbo ameinua. Alikuwa anamtarajia bweha. Au mondo mwingine. Na ndani ya moyo wake, Mungu amsamehe, aliomba awe mondo mwingine.

Ukungu ukapasuka kidogo. Kondoo jike wa Mama Numwagile alikuwa amepiga magoti, na nyuma yake, meno yamezama pajani, alikuwa amening'inia Jeshi.

Mbwa wengine wawili wa jirani walikuwa wanaruka huku na huku, mikia juu, kama watoto kwenye mchezo. Asajile alisimama. Jeshi ndiye aliyemwona. Akamwachia kondoo, akaja mbio kwa bwana wake, anatikisa mkia, anachekelea kwa mwili mzima kama afanyavyo kila siku bwana wake akirudi nyumbani. Sufu ilikuwa imemnasa menoni. Akaulamba mkono wa Asajile, na mkono ukawa mwekundu.

Asajile hakuwahi kueleza alisimama pale kwa muda gani. Lakini wakati amesimama, mambo yalimjia moja baada ya jingine, na hakuna lililokuwa geni. Alikumbuka siku ile ya kondoo wa kwanza, Jeshi alivyorudi amelowa akakataa ugali. Alikumbuka siku nyingine alivyomkuta na damu kidevuni, akamsifu kwamba amepigana na bweha, akamwosha kwa maji ya moto na kumwongezea maziwa. Alikuwa ameviona vyote. Aliviona na akavipa majina mengine.

Alipofika nyumbani Tumpe alikuwa anakoka moto. Aliona mkono wa mumewe, akasimama.

"Umeumia?"

"Si damu yangu," Asajile akasema, na akamweleza.

Tumpe akakaa chini taratibu, akiegemea ukuta. Nje Jeshi alikuwa amekwisha kujilaza mahali pake, kizingitini, kichwa juu ya miguu ya mbele, anasinzia.

"Nani mwingine ameona?" Tumpe akauliza.

"Hakuna. Ukungu ulikuwa mzito."

Kila mmoja alijua mwenzake anawaza nini. Ilikuwa rahisi kuficha. Kondoo mmoja zaidi, na porini bweha ni wengi.

Kisha Tumpe akasema, "Jioni watakuja kwako, Baba Ipyana. Watakuuliza safari hii waya wautege wapi. Utawaonesha wapi?"

Asajile akaenda kuchukua kamba.

Alimfunga Jeshi shingoni, na Jeshi akadhani wanakwenda matembezi. Walipita katikati ya Ikombo, ukungu sasa unainuka, na waliowaona walishangaa, maana hakuna aliyewahi kumwona mbwa yule amefungwa. Walimkuta Mama Numwagile amekwisha kumvuta kondoo wake mpaka uani, amemfunika kwa gunia. Alikuwa ndani anatafuta kisu.

"Mama," Asajile akaita kutoka mlangoni, "mla kondoo wako nimemleta."

Mama Numwagile akatoka. Alitazama begani kwa Asajile, akitafuta mzoga wa mondo mwingine. Hakuona kitu. Akatazama nyuma yake, akaona uani hakuna mtu. Ndipo akaiona kamba, akaifuata kwa macho mpaka chini, akamwona Jeshi, ambaye alikuwa amechoka kusubiri na amejilaza kwenye kizingiti chake kama kwao.

"Huyu?"

"Huyu. Nimemkuta leo kwa macho yangu. Na wale wa kwanza pia ni yeye, na wa pili. Ningetaka kujua ningejua."

Mama Numwagile alishika mwimo wa mlango. Ni mara ngapi alikuwa amempa mbwa yule makoko ya ugali kwa mkono wake.

"Amua wewe, mama," Asajile akasema. "Ukisema auawe, nitamuua hapa hapa."

Yule mama akamtazama mbwa. Kisha akasema, "Mbwa hakusimama mkutanoni. Mbwa hakukunja waya."

Asajile akaizungusha kamba mkononi.

"Mondo kafa msituni," Mama Numwagile akasema, polepole, kama anayejisemea mwenyewe. "Mwizi yuko mlangoni."

Akarudi ndani, akauacha mlango wazi.

Jioni hiyo Asajile hakungoja kuulizwa. Aliwasimulia watu yote, tangu waya mpaka kamba, na alipomaliza wengine walikuwa wameshika vichwa, maana kila mwenye mbwa alikuwa anawaza ni lini wa kwake alirudi amelowa akakataa kula. Uenyekiti aliuacha palepale. Kondoo wake bora aliwapeleka kwa Mama Numwagile, naye akawapokea bila kushukuru, na hakuna aliyemlaumu. Jeshi hakuishi. Wafugaji wanajua kwamba mbwa aliyeonja mchezo ule hauachi. Asajile hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Alimpeleka mwenyewe, akarudi peke yake, na hakufuga mbwa tena.

Nyamizi aliporudi na kuelezwa, hakumgombeza mtu. Aliomba tu aoneshwe pale Tumpe alipowazika wale watoto, akasimama hapo kidogo, kisha akaenda kukagua vizimba. Tangu hapo ukungu ukishuka Ikombo, mbwa hufungwa kwanza ndipo watu wakatazame porini. Nyaya zote zilikusanywa. Bweha aliyeingia kizimbani aliuawa kama zamani, na kila alfajiri watu wawili walikwenda kutazama nani kaingia, wakitumaini siku moja wamkute mwenye madoa wamfungulie. Hakuingia. Mwaka ule mafuko yalikula viazi vya Ikombo kutoka chini. Ukiona shina limestawi, ukiling'oa, unapata maganda matupu. Na watu wakinung'unika juu ya hasara hiyo, daima alikuwepo mmoja wa kuwajibu kwa maneno ya Mama Numwagile. Maneno yakashuka mlima pamoja na magunia ya pareto, yakaenea.

Bibi Sekela aliponyamaza, hakuna mjukuu aliyeshika kiazi. Baadaye binti mmoja akauliza, "Bibi, pale mlangoni palikuwa na wawili. Yule mama alimwambia nani, mbwa au mzee?"

"Asajile aliwahi kuulizwa hivyo, amekwisha kuzeeka," Bibi Sekela akasema. "Akajibu kwamba aliposikia maneno yale, aliinama haraka kumtazama mbwa, akamkuta mbwa amelala. Alipoinua macho, akamkuta Mama Numwagile anamtazama yeye."

Mondo kafa msituni, mwizi yuko mlangoni.